Kutoka uwanja hadi uwanja: kilomita ni zilezile, saa si zilezile

Ukiandika majina ya viwanja viwili vya ndege kwenye kikokotoo cha mtandaoni, tuseme Sydney na Santiago ya Chile, jibu linakuja papo hapo: kilomita 11,340, saa 13 na ushee. Namba hizo mbili zinakaa bega kwa bega, kwa maandishi ya ukubwa uleule, na anayezisoma ana kila sababu ya kudhani zimepatikana kwa njia moja. Sivyo. Ya kwanza ni kipimo cha dunia yenyewe. Ya pili ni hesabu ya kugawanya tu: kilomita zimegawanywa kwa kasi ya kudhaniwa, kwa kawaida kati ya kilomita 800 na 900 kwa saa, ikaongezwa kama nusu saa ya kupaa na kutua, basi.

Ndege halisi kati ya miji hiyo huchukua kiasi cha saa 12 na nusu ikitoka Sydney, na karibu saa 14 ikitoka Santiago. Umbali ni mmoja, na bado kwenda na kurudi kunapishana kwa saa nzima na zaidi, pengo ambalo kikokotoo hakina habari nalo. Naliandika hili kwa sababu watu hupanga mambo mazito kwa kuitegemea namba ile ya pili: kuunganisha ndege, kuwahi mazishi, kunywa dawa kwa wakati, kumpokea mzee asiyejua lugha ya mahali anapofika. Wanastahili kujua imetoka wapi.

Nianze na kilomita, maana hizo zinaaminika.

Sydney iko takriban digrii 34 kusini mwa ikweta. Santiago nayo iko digrii 33 na ushee, kusini vilevile. Kwenye ramani ya ukutani viwanja hivi viko karibu kwenye mstari mmoja, na jicho litakuambia njia fupi ni kunyoosha moja kwa moja kuelekea mashariki juu ya Pasifiki, ukishikilia latitudo ileile mpaka ufike. Ukiifuata njia hiyo utaruka takriban kilomita 12,770. Njia fupi ya kweli ni zile kilomita 11,340, nayo inateremka kusini hadi karibu na digrii 62, kwenye bahari ya barafu inayozunguka Antaktika, ndipo inaanza kupanda tena kuelekea Chile. Tofauti ni zaidi ya kilomita 1,400, ambazo ni zaidi ya saa moja na nusu angani.

Mstari huo ni sehemu ya kinachoitwa duara kuu, yaani duara kubwa kuliko yote unayoweza kuyachora juu ya tufe, lenye kitovu kilekile cha tufe lenyewe. Ikweta ni duara kuu. Kila longitudo ni nusu ya duara kuu. Latitudo nyingine zote, ukiacha ikweta, ni duara dogo, na kuzifuata ni kuzunguka. Ukiwa na tufe la shuleni huhitaji hesabu yoyote. Shika ncha moja ya uzi juu ya Sydney, ncha nyingine juu ya Santiago, kisha vuta mpaka ukaze. Uzi utateleza wenyewe kwenda kusini. Nimelifanya zoezi hili na watoto, na nimeona wakilielewa mara moja jambo ambalo mtu mzima aliyezoea ramani bapa hulibishia mchana kutwa.

Tatizo ni ramani. Ile tuliyoizoea, iliyotolewa na Gerardus Mercator mwaka 1569, ilitengenezewa mabaharia. Mstari ulionyooka juu yake una maana moja: ukiufuata, dira yako haibadiliki kutoka mwanzo hadi mwisho. Kwa nahodha wa zama zile hilo lilikuwa na thamani kuliko ufupi wa njia. Lakini ili kulipata, ramani inabidi ivute na kupanua kila kilicho karibu na ncha za dunia, hata Greenland ikaonekana kulingana na Afrika, ilhali Afrika inaizidi kama mara 14. Juu ya ramani hiyo njia za ndege huonekana zimepinda kama upinde, na abiria wengi huamini rubani anazunguka ili asipite juu ya bahari. Kumbe yuko kwenye njia iliyonyooka kuliko zote.

Vikokotoo vingi hutumia kanuni ya haversine, ambayo mabaharia walikuwa nayo tangu karne ya 19. Inachukulia dunia ni tufe kamili lenye nusu kipenyo cha kilomita 6,371. Dunia si tufe kamili, imebonyea kidogo kwenye ncha: kutoka kitovuni hadi ikweta ni kilomita 6,378, kutoka kitovuni hadi nchani ni 6,357. Mwaka 1975 Thaddeus Vincenty alichapisha kanuni inayozingatia ubonyeo huo, na vikokotoo makini vikaichukua. Kwa safari ndefu, tofauti kati ya njia hizo mbili ni makumi ya kilomita, dakika chache za kuruka. Ukiona tovuti mbili zinapishana kwa kilomita 20, usihangaike.

Kinachostahili kuhangaisha ni kizio. Maili ya nchi kavu ni kilomita 1.609. Maili ya baharini, inayotumiwa na marubani, ni kilomita 1.852, na imetokana na dakika moja ya digrii ya latitudo. Sydney hadi Santiago ni maili za baharini kama 6,120. Mtu akizisoma kama maili za kawaida atapata kilomita 9,850 na kupoteza karibu kilomita 1,500 bila kujua. Nimeziona namba za namna hiyo zikinakiliwa kutoka tovuti moja kwenda nyingine, na hakuna aliyesimama kuuliza maili zipi.

Hata hivyo umbali una adabu yake. Mzingo wa dunia ni kilomita 40,000 na kitu kidogo, kwa hiyo hakuna viwanja viwili popote vinavyoweza kuachana zaidi ya takriban kilomita 20,000. Madrid na Wellington wanakaribia kikomo hicho. Ukifika umbali wa namna hiyo, kila upande utakaoelekea unakuwa karibu sawa na mwingine, na swali la njia fupi linaanza kupoteza maana. Hapo swali linakuwa upepo unavuma wapi.

Na upepo ndio moyo wa jambo hili.

Tunaposema ndege kubwa ya abiria inakwenda kilomita 900 kwa saa, tunasema kasi yake ndani ya hewa. Hewa yenyewe nayo iko safarini. Mtu anayeogelea mtoni kwa nguvu zilezile atafika haraka akifuata maji na atachelewa akiyapinga, na mtu aliyesimama ukingoni atamwona ana kasi mbili tofauti. Katika kimo cha kilomita 9 hadi 12, ambako ndege za masafa marefu hukaa, kuna mikondo mikali ya upepo inayovuma kutoka magharibi kwenda mashariki, katika nusu ya kaskazini ya dunia na katika nusu ya kusini pia. Mara nyingi hupita kilomita 160 kwa saa, na wakati wa baridi inaweza kwenda juu zaidi ya hapo kwa mbali sana.

Mtu aliyeipima mapema ni Wasaburo Ooishi, mtaalamu wa hali ya hewa wa Japani. Katika miaka ya 1920 alikuwa akirusha maputo kutoka kituo cha kaskazini mwa Tokyo na kuyafuatilia yalivyopeperushwa, akagundua kwamba juu kabisa kuna upepo wa kasi isiyotarajiwa. Akaichapisha taarifa yake mwaka 1926 kwa Kiesperanto, kwa matumaini kwamba dunia nzima ingeisoma. Walioisoma walikuwa wachache mno. Miaka karibu 20 baadaye, mwaka 1944, marubani wa Marekani waliokuwa wakirusha ndege za kivita za B-29 juu ya Japani walikutana na upepo huohuo, na wengine wakajikuta wanakaribia kusimama juu ya ardhi ingawa injini zilikuwa zinanguruma kwa nguvu zote. Huwa nasikitika nikimfikiria Ooishi. Alikuwa na jibu mkononi, amelichapisha, na halikufika kwa waliolihitaji.

Leo mashirika ya ndege yanaupanda upepo huo kwa makusudi. Juu ya Atlantiki ya Kaskazini njia za ndege hupangwa upya kila siku na vituo viwili vya kuongoza ndege, Shanwick upande wa Ulaya na Gander upande wa Kanada. Zinazokwenda mashariki usiku huwekwa mahali mkondo unapoweza kuzisukuma, zinazorudi magharibi mchana huwekwa mahali pa kuukwepa. Usiku wa kuamkia tarehe 9 Februari 2020, wakati dhoruba iliyopewa jina Ciara ilipokuwa ikielekea Ulaya, Boeing 747 ya British Airways ilitoka New York na kutua London baada ya saa 4 na dakika 56. Kuna nyakati kasi yake juu ya ardhi ilipita kilomita 1,300 kwa saa, zaidi ya kasi ya sauti ukiihesabu kutoka ardhini, lakini ndani ya hewa iliyoibeba ilikuwa inakwenda mwendo wake wa kawaida. Safari hiyohiyo kwa kawaida ni saa 6 na nusu hivi, na kutoka London kwenda New York ni saa 7 na nusu hadi 8.

Kwenye safari za usiku nina mazoea ya kuiacha skrini ya kiti kwenye ramani, abiria wote wamelala na mimi nasoma namba. Kimo, mita 11,300. Nje, digrii 56 chini ya sifuri. Kasi ya ardhini, kilomita 1,060 kwa saa. Halafu ndege inageuza pua kidogo, labda digrii 10 tu, unaisikia kwenye sakafu kuliko unavyoiona, na baada ya robo saa namba ya kasi imeshuka hadi 980. Injini hazijabadilika sauti. Tumetoka pembeni mwa mkondo, basi. Dakika zilizobaki kufika, ambazo zilikuwa 142, zinasimama palepale kwa muda kana kwamba saa imegoma.

Watu husema: si tatizo, unachopoteza kwenda unakipata kurudi. Hapana. Chukua viwanja viwili vilivyo mbali kwa kilomita 8,000, na ndege ya kilomita 900 kwa saa. Bila upepo, kwenda na kurudi ni saa 17 na dakika 47. Sasa weka upepo wa kilomita 100 kwa saa usiobadilika. Upande mmoja ndege inakwenda 1,000 kwa saa na kufika kwa saa 8. Upande wa pili inakwenda 800 na kufika kwa saa 10. Jumla 18. Upepo ukiwa 150, jumla inafika saa 18 na dakika 17. Sababu ni kwamba unakaa ndani ya upepo wa mbisho kwa muda mrefu kuliko unavyokaa ndani ya ule unaokusukuma. Kwa hiyo hata wastani wa kikokotoo, ukidhani angalau ni wastani, uko chini ya ukweli.

Mfano ninaoupenda kuliko yote ni wa Perth na London. Qantas, shirika la ndege la Australia, ilianza kuziunganisha bila kusimama Machi 2018 kwa Boeing 787-9, kilomita 14,499, kama saa 17 na nusu kwenda London. Aprili 2024, hali ya Mashariki ya Kati ilipochafuka, ikabidi ndege zikwepe anga ya Iran. Mzunguko huo uliongeza masafa kiasi kwamba ndege inayotoka Perth, yenye upepo usoni muda wote, isingeweza kufika ikiwa imejaa abiria. Ikawekwa kusimama Singapore kuongeza mafuta. Inayotoka London kwenda Perth iliendelea kuruka moja kwa moja, kwa sababu upepo ulikuwa mgongoni. Viwanja vilevile, ndege ileile, wiki ileile. Upande mmoja unafikika, upande wa pili haufikiki.

Hilo linanileta kwenye mipaka, jambo ambalo kikokotoo cha duara kuu hakilijui hata kwa ndoto. Duara kuu halina pasipoti, linapita popote. Ndege inaomba ruhusa. Wakati wa Vita Baridi anga ya Muungano wa Kisovieti ilikuwa imefungwa kwa mashirika mengi ya Magharibi, na mtu wa Ulaya aliyetaka kwenda Tokyo alizunguka kusini kupitia Asia, au alipitia juu. Tarehe 24 Februari 1957 shirika la SAS lilifungua njia ya Copenhagen hadi Tokyo kupitia Anchorage, Alaska, juu ya Ncha ya Kaskazini. Kwa miongo iliyofuata Anchorage, mji mdogo wa baridi kali, ukawa kituo kikubwa cha wasafiri wa mabara mawili waliokuwa wakishuka kunyoosha miguu wakati ndege zinajazwa mafuta. Baadaye anga ya Siberia ikafunguka na Anchorage ikaachwa na abiria hao.

Februari 2022 anga hiyo ya Siberia ikafungwa tena kwa mashirika ya Ulaya. Finnair, ambayo kwa miaka mingi ilikuwa imejijenga juu ya ufupi wa njia kutoka Helsinki kwenda Asia, iliona safari yake ya Tokyo ikirefuka kutoka saa 9 na kitu hadi karibu 13. Ikarudi kupita juu ya Ncha ya Kaskazini, na abiria wakawa wanapewa cheti cha kuthibitisha kwamba wameivuka. Ni karatasi nzuri ya kuhifadhi. Lakini ukikokotoa umbali wa Helsinki na Tokyo leo utapata kilomita zilezile za mwaka 2021, na saa za kukadiria zilezile, kama vile hakuna kilichotokea duniani.

Kuna vizuizi vingine ambavyo abiria havioni. Ndege ya injini mbili lazima wakati wote iwe ndani ya muda uliowekwa kutoka uwanja inaoweza kukimbilia kwa injini moja. Mwaka 1953 Marekani iliuweka muda huo kuwa dakika 60. Mwaka 1985 zikaruhusiwa 120. Leo baadhi ya Boeing 787 zina ruhusa ya dakika 330 na Airbus A350 ilipewa hadi 370, ndiyo maana bahari ya kusini kati ya Australia na Chile inavukwa na injini mbili, wakati zamani ilitakiwa ndege ya injini nne. Palipo na ruhusa ndogo, njia inapinda kuelekea visiwa.

Kisha kuna kimo cha uwanja wenyewe. Uwanja wa Bole, Addis Ababa, uko zaidi ya mita 2,300 juu ya bahari. Hewa huko ni nyepesi, mabawa hayapati kitu kizito cha kuegemea, injini nazo hazipati hewa ya kutosha, na ndege haiwezi kupaa ikiwa imejaza mafuta na abiria kwa pamoja. Kwa miaka mingi ndege za Ethiopian Airlines zinazokwenda Washington zimekuwa zikisimama njiani, Dublin au Lomé, kuongeza mafuta. Zinazorudi kutoka Washington, ambako uwanja uko chini karibu na usawa wa bahari na upepo unasukuma, zinakuja moja kwa moja. Anayelinganisha tiketi hizo mbili bila kujua hili atadhani kuna aliyemzungusha.

Mafuta yenyewe ni mzigo. Sehemu ya mafuta inayopakiwa mwanzoni inaungua kwa kazi ya kuyabeba mafuta mengine. Airbus A350-900ULR inayoruka kati ya Singapore na New York, kilomita 15,349, inaweza kupakia lita 165,000, na ili iwe nyepesi ya kutosha ina viti 161 tu, wakati ndugu zake wa kawaida hupakia abiria 300 na zaidi. Njia ya duara kuu kati ya miji hiyo inapita karibu kabisa na Ncha ya Kaskazini, lakini mara nyingi ndege haiifuati. Ikitoka Singapore inaweza kwenda juu ya Pasifiki kuutafuta upepo wa mgongoni, kilomita zaidi kwa saa chache.

Mtu anayetaka kuona jinsi umbali na muda visivyo ndugu wa damu aangalie nyuma kidogo. Kati ya 1943 na 1945 Qantas ilirusha boti za angani aina ya Catalina kutoka Perth hadi Ceylon, Sri Lanka ya leo, zaidi ya kilomita 5,600 juu ya Bahari ya Hindi, redio zikiwa kimya kwa kuwaogopa Wajapani. Safari ilichukua saa 27 hadi 33, na abiria waliona jua likichomoza mara mbili kabla ya kukanyaga nchi kavu. Desemba 1947 ndege ya Constellation ya shirika hilohilo ilitoka Sydney kwenda London kwa siku 4, ikisimama Darwin, Singapore, Calcutta, Karachi, Cairo na Tripoli. Novemba 2019, katika safari ya majaribio, 787 ilitoka London na kutua Sydney baada ya saa 19 na dakika 19 bila kusimama popote.

Sasa tiketi. Shangazi yangu alinipigia kabla ya safari yake ndefu, na baada ya shikamoo na marahaba akaingia moja kwa moja kwenye jambo lake: "Mwanangu, hapa imeandikwa tunatoka Singapore saa sita usiku na kufika New York saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Tarehe ileile. Hizo si saa sita na nusu tu? Mbona wananiambia nibebe dawa za siku nzima?"

Nikamwambia, "Shangazi, saa ya kuondoka ni ya Singapore, na saa ya kufika ni ya New York. Ukitua New York asubuhi, Singapore ni jioni tayari." Nikamwomba achukue kalamu. Kati ya miji hiyo kuna tofauti ya saa 12 wakati New York iko kwenye saa za kiangazi, yaani saa zake zimesogezwa mbele kwa saa moja, na 13 wakati haiko. Sita na nusu ukijumlisha na 12 ni 18 na nusu. Akanyamaza, kisha akaniuliza swali bora kuliko yote niliyowahi kuulizwa kuhusu safari za ndege: "Kwa hiyo dawa ya saa mbili usiku ninywe saa mbili ya wapi?" Nilimwambia asiifuate saa ya ukutani ya mji wowote bila kumuuliza daktari wake, na kwamba ahesabu saa zinazopita tangu dozi ya mwisho. Daktari alimwambia hivyohivyo, akampangia.

Kwa anayekwenda upande wa pili wa mstari wa tarehe, mambo yanachanganya zaidi. Ukiondoka Auckland saa mbili usiku mwezi wa saba, ukaruka saa 12, utatua Los Angeles saa saba mchana siku hiyohiyo, mapema kuliko ulivyoondoka. Njia salama ni kugeuza saa zote mbili ziwe za UTC kwanza, yaani saa ya pamoja ya dunia nzima, ndipo utoe. Auckland wakati huo iko saa 12 mbele ya UTC, Los Angeles saa 7 nyuma.

Hata ukishapata muda wa tiketi kwa usahihi, elewa unachohesabu. Muda huo hauanzi magurudumu yanapoacha ardhi. Unaanza ndege inaposogea kutoka ilipoegeshwa, na unaisha inapotulia kwenye maegesho ya upande wa pili. Ndani yake mna kusukumwa nyuma, kuwasha injini, foleni ya kuelekea njia ya kurukia, na mwishoni kuzungushwa angani kusubiri zamu. Ndege zinazokwenda uwanja wa Heathrow, London, huwekwa kwenye mojawapo ya maeneo manne ya kusubiri, Bovingdon, Lambourne, Biggin na Ockham, zikizunguka moja juu ya nyingine na kushushwa ngazi kwa ngazi. Mashirika yanayajua haya yote, kwa hiyo hupanga ratiba kwa msimu, ya baridi tofauti na ya kiangazi kwa sababu ya upepo, na huongeza dakika za tahadhari. Ndiyo maana rubani anaweza kutangaza mmewahi kwa dakika 20 ilhali mliondoka mmechelewa.

Kwa hiyo anayeniuliza ndege inachukua saa ngapi, mimi namuuliza kwanza: unaelekea mashariki au magharibi, na mwezi gani? Kama ni mtu wa kuunganisha ndege, simpi namba ya kikokotoo hata akinibembeleza. Namwambia atafute namba ya ndege yake kwenye tovuti za kufuatilia ndege, atazame ilitua saa ngapi kila siku katika wiki mbili zilizopita, achukue siku mbaya kuliko zote kati ya hizo, kisha apime kama bado anaiwahi inayofuata. Kama haiwahi, na tiketi ni mbili zilizonunuliwa mbalimbali, hakuna atakayemngoja wala kumbadilishia bure. Na kama ni wa kumpokea mtu, kutua si kutoka. Kuna kuegesha, kushuka, foleni ya pasipoti, mizigo, na mzee anayetembea polepole au anayesubiri kiti cha magurudumu hutoka miongoni mwa wa mwisho. Mpe saa moja na nusu tangu kutua kabla hujaanza kuwa na wasiwasi, na uwe umemwandikia kwenye karatasi, kwa herufi kubwa, jina lako na namba ya simu ambayo mtu yeyote pale uwanjani anaweza kuipiga.